Hakuna "jeni ya ukame" moja: uzi kuhusu protini zinazowasha na kuzima jeni za mimea wakati wa mafuriko, ukame na joto

Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Mijadala yetu ya mbegu imekuwa ikizunguka maneno kama "mbegu yenye jeni ya ukame" au "mbegu yenye jeni ya mafuriko", kana kwamba ustahimilivu ni kitu kimoja ambacho aina fulani inacho na nyingine haina. Ninaanzisha uzi huu kwa sababu naamini picha hiyo inatupotosha, tena inatupotosha pale hasa tunapotaka kuwauliza wauza mbegu na watafiti maswali ya maana. Karibu kila zao tunalolima tayari lina jeni za kujikinga na ukame, joto, chumvi na maji mengi. Kinachotofautisha aina moja na nyingine, mara nyingi kuliko tunavyodhani, ni amri: nani anaziwasha jeni hizo, lini, katika sehemu gani ya mmea, na nani anazizima hatari ikishapita.

Amri hiyo hutolewa na protini ambazo kazi yake ni kushika DNA karibu na mwanzo wa jeni nyingine na kuamua kama jeni hizo zisomwe au zisisomwe. Katika uzi huu nitaziita protini dhibiti. Si chache. Jenomu ya Arabidopsis, mmea mdogo wa jamii ya haradali unaotumiwa na maabara za dunia nzima kama kielelezo, ilipokamilika kusomwa mwaka 2000, watafiti walihesabu protini dhibiti zaidi ya 1,500 miongoni mwa jeni zake zipatazo 26,000. Kila moja hutambua kipande kifupi cha herufi za DNA, na popote kipande hicho kinapokaa mbele ya jeni, protini ile inaweza kuifikia. Ndiyo maana protini moja tu inaweza kuamsha makumi au mamia ya jeni kwa pamoja. Nguvu yake iko hapo, na hatari yake iko hapo hapo.

Mfano ulio wazi kuliko yote, kwa maoni yangu, ni wa mpunga wa mashariki mwa India na Bangladesh. Huko mvua za masika ya Asia huleta mafuriko ya ghafla yanayoufunika mpunga wote kwa siku kadhaa, wakati mwingine kwa wiki mbili, kisha maji hupungua. Mpunga hupenda maji, lakini hupenda maji ya miguuni; ukizamishwa mzima, aina nyingi za kisasa hufa baada ya wiki moja au zaidi kidogo. Chini ya maji hewa husafiri polepole mno, kiasi cha mara 10,000 polepole kuliko inavyosafiri hewani, hivyo oksijeni na kaboni dioksidi hazifiki kwenye jani kwa kiwango cha kutosha, na maji yenye tope huzuia mwanga. Usanisinuru hushuka, na mmea unabaki kuishi kwa akiba ya wanga iliyomo shinani.

Gesi ya ethilini, ambayo mmea wenyewe huitengeneza kama homoni, nayo hushindwa kutoka na hurundikana ndani ya tishu. Kwa mpunga wa kawaida, mrundikano huo husababisha majani kurefuka haraka ili yafike juu ya maji. Mche unatumia akiba yake yote katika kukimbilia juu. Mafuriko yakiwa ya kina kirefu, haufiki. Na maji yanapopungua baada ya siku kumi au zaidi, mche uliorefuka na kudhoofika huanguka na kuoza.

Katika jimbo la Odisha, mashariki mwa India, kulikuwa na mpunga wa kienyeji ambao haukufanya hivyo. Uteuzi uliotokana nao, unaoitwa FR13A, ulijulikana kwa miongo mingi kuwa huweza kukaa chini ya maji kwa wiki mbili hivi na kuota tena. Wazalishaji wa mbegu walijaribu tangu miaka ya 1970 kuuchanganya na aina zenye mavuno mengi, lakini watoto waliopatikana walirithi pia ubora hafifu wa FR13A, na wakulima hawakuwapokea. Mwaka 1996 Kenong Xu na David Mackill walionyesha kwamba sehemu kubwa ya ustahimilivu huo, takribani asilimia 70 ya tofauti iliyoonekana katika majaribio yao, ilitoka mahali pamoja kwenye kromosomu ya 9. Mahali hapo pakaitwa SUB1. Mwaka 2006 kundi lao, pamoja na Pamela Ronald na Julia Bailey-Serres wa California, likatangaza kwamba jeni yenyewe ni SUB1A, na kwamba inatengeneza protini dhibiti ya familia ya ERF, yaani zile zinazoitikia ethilini.

Hapa naomba tusimame kidogo, kwa sababu kuna jambo ambalo hupitwa haraka. SUB1A haimpi mpunga oksijeni. Haiongezi nguvu wala chakula. Inachofanya ni kuuzuia mmea usifanye kitu. Ethilini inaporundikana, SUB1A huwashwa. Nayo husababisha kuongezeka kwa protini mbili, SLR1 na SLRL1, zinazozuia mmea usiitikie jiberelini, homoni ya kurefuka. Matokeo yake mche hautumii wanga wake katika kukimbilia juu, umbijani wake, yaani rangi ya kijani ya majani, hauharibiki haraka, na unabaki umetulia chini ya maji hadi yapungue. Maji yakiondoka, ethilini hutawanyika, amri inaisha, na mmea unaanza kutoa machipukizi kwa akiba iliyobaki. Mpunga wa kawaida na mpunga wenye SUB1A hukutana na ishara moja, ile ile ethilini, lakini hutoa majibu mawili yanayopingana, na tofauti yote ya kufa na kupona iko katika protini moja ya kati.

Kwa kutumia alama za DNA, wazalishaji wa taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mpunga, IRRI, waliiingiza SUB1A katika Swarna, aina inayolimwa sana mashariki mwa India, kwa kuzalisha na kurudisha kwa mzazi Swarna mara kadhaa hadi karibu kila kitu kikabaki cha Swarna isipokuwa kile kipande cha kromosomu ya 9. Swarna-Sub1 iliruhusiwa India mwaka 2009, na Bangladesh ilifuata mwaka 2010 na aina zake. Katika jaribio lililofanywa mashambani Odisha na kuchapishwa mwaka 2013, shamba lililozama kwa siku kumi lilitoa mavuno zaidi kwa takribani asilimia 45 likiwa na Swarna-Sub1 kuliko likiwa na Swarna ya kawaida, na pasipo mafuriko hakukuwa na hasara yoyote ya mavuno. Watafiti wale waliona pia kwamba waliofaidika zaidi walikuwa watu wa tabaka za chini kabisa, kwa sababu ndio ambao kihistoria wamesukumiwa kwenye mashamba ya mabondeni yanayozama kila mwaka. Naliona jambo hilo kuwa na uzito sawa na ugunduzi wenyewe.

Nawakaribisha kwa maswali na nyongeza.

Mkulima_Bondeni

Asante sana ndugu kwa uzi huu. Mimi nalima mpunga bonde la Kilombero. Wazee wetu walizisifu mbegu zinazokwenda na maji, kwamba maji yakipanda nazo zinapanda. Sasa wewe unatuambia kwamba kutulia chini ndiyo njia ya kupona. Tushike lipi?

Mleta uzi

Ndugu Mkulima, wazee hawakukosea, na swali lako ndilo lililonifanya niandike kwamba amri ni muhimu kuliko jeni zinazoamriwa. Jibu linategemea aina ya mafuriko. Maji yanayokuja kwa ghafla, yanafunika kila kitu, na kuondoka ndani ya wiki moja au mbili yanahitaji mmea unaosubiri. Maji yanayopanda taratibu na kukaa miezi yanahitaji mmea unaopanda nayo, kwa sababu kusubiri miezi mitatu hakuna akiba inayotosha.

Nayo njia hiyo ya pili imechunguzwa. Katika maeneo ya Bangladesh ambako maji hufika kina cha mita kadhaa na kubaki, kuna mpunga wa maji marefu ambao shina lake linaweza kuongezeka sentimita 20 au zaidi kwa siku moja. Mwaka 2009 kundi la Motoyuki Ashikari wa Chuo Kikuu cha Nagoya, Japani, lilizipata jeni mbili zinazochangia tabia hiyo, wakaziita SNORKEL1 na SNORKEL2. Zote mbili hutengeneza protini dhibiti za familia ya ERF, familia ile ile ya SUB1A, na zote huwashwa na ethilini ile ile. Ila zenyewe, kinyume na SUB1A, huuelekeza mmea katika kuitikia jiberelini na kurefusha pingili.

Mwaka 2018 utafiti mwingine kutoka Japani ulionyesha kwamba mpunga huo wa maji marefu unaitumia pia jeni ya SD1, inayohusika na kutengeneza jiberelini. Wanaofuatilia historia ya kilimo watatambua jina hilo: SD1 iliyoharibika ndiyo iliyoleta mpunga mfupi wa Mapinduzi ya Kijani, kuanzia aina ya IR8 iliyotolewa mwaka 1966. Kwa hiyo jeni ambayo dunia iliizima ili mpunga usianguke kwa uzito wa mbolea na nafaka ni ile ile ambayo mkulima wa maji marefu anaihitaji iwake kwa nguvu zote. Sijui mfano mzuri zaidi wa kuonyesha kwamba hakuna jeni nzuri kwa kila shamba.

Kwako wewe Kilombero, swali la kwanza kabla ya mbegu ni hili: maji ya shamba lako hukaa siku ngapi, hufika kina gani, na huja mpunga ukiwa na umri gani?

Mwalimu_wa_Baiolojia

Nashukuru kwa mada. Ninafundisha kidato cha tano na sita, na wanafunzi wangu huniuliza swali moja ambalo vitabu hulijibu kwa mkato: protini hizi zinajuaje kwamba kuna ukame au joto? Protini haina macho. Tafadhali tufafanulie, na kama inawezekana ueleze pia kwa nini mmea usiziache zikiwaka muda wote, ili uwe salama daima.

Mleta uzi

Mwalimu, maswali yako mawili yanaingiliana, nami nitayajibu kwa urefu.

Katika mafuriko, jibu la kwanza liko wazi katika Arabidopsis. Mwaka 2011 makundi mawili yalichapisha kwa wakati mmoja kwamba protini kadhaa za ERF za kundi la VII hutengenezwa na mmea hata pasipo hatari, lakini huvunjwa mara tu zinapotokea. Mwanzoni mwa protini hizo kuna asidi amino ya sisteini. Palipo na oksijeni ya kutosha, vimeng'enya maalumu huioksidisha sisteini hiyo, na badiliko hilo ndilo linaloiweka protini katika mkondo wa kuvunjwa. Oksijeni ikipungua, oksidisho halitokei, protini inabaki, inaingia kwenye kiini cha seli na kuwasha jeni za kuishi bila hewa. Mmea hautafuti taarifa mbali: upungufu wa oksijeni wenyewe ndio unaoiacha protini hai. La kuvutia ni kwamba SUB1A ya mpunga, ingawa ni ya kundi hilo hilo, hukwepa mkondo huo wa kuvunjwa. Yenyewe hutegemea zaidi ethilini kuwashwa.

Katika ukame mlolongo ni mrefu zaidi. Udongo ukikauka, homoni ya mmea iitwayo asidi ya absisiki huongezeka. Vipokezi vyake, ambavyo vilitambuliwa mwaka 2009 baada ya miaka mingi ya mabishano, vikiipokea hushikana na protini za kundi la PP2C na kuzizuia. Kazi ya PP2C ilikuwa kuvinyamazisha vimeng'enya vya SnRK2. Zikizuiwa, vimeng'enya hivyo huamka na kuongeza fosfati kwenye protini dhibiti za familia ya bZIP, ambazo sasa huweza kuwasha jeni zao. Wakati huo huo stomata, yaani vitundu vya jani vinavyopitisha hewa na mvuke, hufungwa. Wanafunzi wako wataona kwamba hapa kuna kizuizi kinachozuia kizuizi. Mpangilio huo hujirudia mno katika mimea, kwa sababu unaruhusu jibu la haraka: vifaa vyote vipo tayari, kinachosubiriwa ni kizuizi kuondolewa.

Joto nalo lina mpangilio unaofanana na huo. Katika hali ya kawaida, protini dhibiti ya HsfA1 inakuwa imeshikwa na protini walezi, zile zinazosaidia protini nyingine kukunjika vizuri. Jua likipanda, protini nyingi za seli huanza kukunjuka, na walezi wote huitwa kuzihudumia. HsfA1 inabaki huru, nakala tatu hujiunga, na pamoja hushika DNA na kuamuru walezi wengi zaidi watengenezwe. Walezi wakishakuwa wengi, wanaishika tena HsfA1 na amri inakoma. Kipimo cha joto ndani ya seli kwa hiyo si digrii zenyewe tu bali pia wingi wa protini zilizoharibika.

Sasa swali la pili, kwa nini zisiwake daima. Hili lilijibiwa kwa majaribio nchini Japani. Kazuko Yamaguchi-Shinozaki na Kazuo Shinozaki walitambua mwaka 1994 kipande cha DNA kinachowezesha jeni kuitikia ukame, na mwaka 1998 kundi lao likachapisha protini zinazokishika, DREB1A na DREB2A. Huko Marekani, maabara ya Michael Thomashow katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Michigan ilikuwa imefika mahali pale pale kwa njia ya baridi, na protini yao waliyoiita CBF1 ni ndugu wa karibu wa DREB1A. Arabidopsis iliyolazimishwa kutengeneza DREB1A kwa wingi muda wote ilistahimili ukame, chumvi na barafu. Lakini ilidumaa vibaya, hata katika hali nzuri kabisa yenye maji ya kutosha.

Mwaka 1999 kundi hilo hilo la Japani lilibadilisha kitu kimoja tu. Waliiweka DREB1A chini ya promota ya jeni ya rd29A, yaani kipande cha DNA cha mbele ya jeni kinachoamua isomwe lini, ambayo kwa kawaida hulala na kuamka msongo, kama ukame au baridi, unapokuja. Mimea ile ikakua karibu kama kawaida, na ustahimilivu wake ukawa mkubwa zaidi. Jeni ilikuwa ile ile na protini ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni saa ya kuamka. Ukiwaonyesha wanafunzi picha mbili za jaribio hilo, nadhani hutahitaji maneno mengi.

Sababu ya kudumaa ilieleweka baadaye: CBF1 huongeza vimeng'enya vinavyoharibu jiberelini, na jiberelini ikipungua, protini za kundi la DELLA hurundikana na kuzuia ukuaji. SLR1 niliyoitaja katika mpunga ni DELLA. Kwa hiyo mpunga uliozama Odisha na Arabidopsis iliyopigwa na baridi Michigan wanafika kwenye kizuizi kimoja cha ukuaji kwa njia mbili tofauti. Mmea wenyewe unaijua gharama hiyo, na ndiyo maana DREB2A huvunjwavunjwa katika hali ya kawaida hata ikitengenezwa.

Mzalendo_wa_Mbegu

Maelezo mazuri, lakini naona kama mnatuandalia njia ya kupokea GMO, yaani mazao yaliyobadilishwa jeni maabara. Pale Makutupora, Dodoma, kulikuwa na mahindi ya majaribio ya ukame, na serikali ikayasimamisha mwaka 2018. Je, hayo unayoyasema ndiyo yale yale?

Mleta uzi

Ndugu Mzalendo, swali lako ni la haki na linastahili jibu lisilozunguka. Mahindi ya Makutupora yalikuwa na jeni ya cspB iliyotoka kwa bakteria Bacillus subtilis. Protini yake hushika RNA, yaani nakala ya jeni inayotumika kutengeneza protini, na kuisaidia isijikunje vibaya katika msongo. Kazi yake si kushika DNA mbele ya jeni nyingine na kuziamuru, kwa hiyo haimo katika kundi ninalolizungumzia hapa, ingawa magazeti mengi huviweka vyote katika kapu la "jeni ya ukame". Hilo peke yake linaonyesha kwa nini jina hilo halitusaidii.

Kuhusu GMO: Swarna-Sub1 si GMO. Ni uzalishaji wa kawaida, chavua ya mpunga kwenye ua la mpunga, na teknolojia iliyoongezwa ni ya kupima DNA ya miche ili kujua ipi imerithi kipande kinachotakiwa. Kwa upande mwingine ipo ngano ya HB4 ya Argentina, ambayo ni GMO kwa maana kamili. Ina jeni ya alizeti, HaHB4, iliyochunguzwa na Raquel Chan na wenzake katika chuo kikuu cha Litoral, mjini Santa Fe. HaHB4 ni protini dhibiti. Hupunguza namna mmea unavyoitikia ethilini, hivyo jani halizeeki mapema ukame unapoingia, nalo huendelea na usanisinuru kwa muda mrefu zaidi. Argentina iliiidhinisha mwaka 2020 kwa sharti kwamba Brazil, mnunuzi wake mkubwa wa ngano, ikubali kwanza, na Brazil ikaukubali unga wake mwaka 2021.

Msimamo wangu ni kwamba mtu anaweza kuikataa GMO kwa sababu zake, za umiliki wa mbegu, za biashara au za tahadhari, na bado akahitaji kuzielewa protini hizi, kwa sababu zimo katika kila mbegu ya kienyeji aliyorithi kwa bibi yake. FR13A ilitokana na mbegu ya kienyeji. Kama wakulima wa Odisha wangeiacha ipotee kwa kuwa mavuno yake ni madogo, hakuna maabara ambayo ingejua pa kuitafuta SUB1A. Mbegu zetu za zamani za Rufiji, Usangu na Kilombero zinahitaji kuhifadhiwa na kupimwa kwa umakini huo huo, na kwa hili nadhani mimi na wewe tuko upande mmoja.

Afisa_Ugani

Naomba kuongeza jambo kutokana na kazi yetu. Tunaletewa picha za vyungu viwili: mmea mmoja umekauka, mwingine wa kijani. Mkulima anaiona picha na kuamini. Lakini mkulima hauzi majani mabichi, anauza gunia. Je, protini hizi zimewahi kuongeza gunia shambani?

Mleta uzi

Ndugu Afisa, umegusa udhaifu mkubwa wa fani hii, na ninakushukuru kwa kuutaja kwa uwazi. Katika majaribio mengi ya vyungu, maji hukatwa kabisa kwa siku kadhaa, kisha mimea humwagiliwa na kuhesabiwa iliyopona. Mmea mdogo au uliodumaa hutumia maji machache, kwa hiyo chungu chake huchelewa kukauka. Utaonekana mstahimilivu hata kama hauna lolote la ziada isipokuwa udogo wake. Shambani, udogo huo ni hasara ya mavuno kila mwaka ambao mvua ni nzuri.

Hata hivyo kuna kazi zilizofika shambani. Mwaka 2006 watafiti wa Wuhan, China, walichapisha kuhusu SNAC1, protini dhibiti ya familia ya NAC ambayo katika ukame huwashwa zaidi kwenye seli walinzi wa stomata. Mpunga wenye SNAC1 ya ziada, ulipokabiliwa na ukame mkali wakati wa kutoa masuke, ulitunga nafaka zaidi kwa asilimia 22 hadi 34 kuliko wa kulinganisha, bila kupoteza mavuno pasipo ukame.

Jaribio lililonivutia zaidi ni la Korea Kusini, la mwaka 2010, kuhusu OsNAC10. Watafiti waliiwasha kwa njia mbili: katika kundi moja mmea mzima, katika kundi jingine mizizi tu. Makundi yote mawili yalistahimili ukame yakiwa machanga, na kwa picha za vyungu ungesema yanalingana. Lakini shambani katika ukame, ni kundi la mizizi lililoongeza mavuno waziwazi, kwa asilimia 25 hadi 42, na mizizi yake ilikuwa minene zaidi. Kwa hiyo baada ya swali la lini, kuna swali la wapi. Ukiletewa picha ya vyungu, uliza mavuno ya shambani ya miaka ya ukame na ya miaka ya mvua, yote mawili, na uliza ukame ulikuja mmea ukiwa na umri gani.

Mkulima_Bondeni

Nimerudi na jibu la swali lako. Kwangu maji huja kwa vipindi, hufunika mpunga kama wiki moja, mwaka mwingine zaidi. Ila sisi wengi hatupandikizi. Tunamwaga mbegu moja kwa moja, na mara nyingine mvua kubwa huikuta mbegu haijaota. Hiyo SUB1A itatusaidia hapo?

Mleta uzi

Kwa mafuriko ya wiki moja juu ya mpunga uliokwisha kusimama, tabia ya SUB1A ndiyo hasa inayohitajika, ingawa lazima iwe ndani ya aina inayofaa hali ya hewa na mapishi ya huku. Swarna yenyewe si lazima ikufae. Kwa maji yanayotuama kwa miezi kwenye kina cha nusu mita, haitakusaidia, na aina fupi zenye SUB1A hufanya vibaya katika hali hiyo.

Kwa mbegu ambayo haijaota, jibu ni hapana. Kuota chini ya maji ni kazi nyingine kabisa: mbegu inapaswa kuuvunja wanga wake haraka bila oksijeni na kusukuma chipukizi juu, yaani kinyume cha kile ambacho SUB1A inaamuru. Jeni inayosaidia hapo, OsTPP7, ilitangazwa mwaka 2015 kutoka kwa mpunga wa kienyeji wa Myanmar uitwao Khao Hlan On, na inatengeneza kimeng'enya cha kubadilisha sukari, wala si protini dhibiti. Wazalishaji wameshafanya kazi ya kuziweka zote mbili katika aina moja, kwa kuwa moja inahitajika siku za kwanza na nyingine wiki za baadaye, na ukikutana na watafiti wa mpunga pale Ifakara au Dakawa, hilo ndilo ningekushauri uwaulize kwa jina: kama wana aina yenye SUB1 na OsTPP7 kwa pamoja, na kama imeshajaribiwa kwa kumwaga mbegu katika shamba linalozama.